Picha za Anga la Usiku Dodoma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Picha ya anga ikishaanza kuzunguka kwenye simu za watu, maswali huwa ni yale yale. Ni ya kweli hii? Umetumia kamera gani? Mbona mimi nikitoka nje sioni hivyo? Majibu yamekusanywa hapa kwa ajili ya watu wa Dodoma, Singida na kanda ya kati kwa jumla, wapigaji na watazamaji. Watazamaji wamepewa nafasi kubwa zaidi. Mpigaji ana pengi pa kujifunzia, lakini mtazamaji huachwa aseme "nzuri" na kupita.

Picha hizi ni za kweli au zimetengenezwa kwenye kompyuta?

Ni za kweli, na kwenye kompyuta zimepita. Jicho la binadamu haliweki akiba ya nuru. Linapokea, linatuma habari kwenye ubongo, linaanza upya, yote ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Kamera ikiachwa shata (kifuniko kinachofungua na kufunga njia ya nuru) wazi kwa sekunde 20 hulimbikiza nuru muda wote huo, na mpigapicha mwenye subira hurudia tena na tena hadi apate saa kadhaa za nuru kutoka sehemu ile ile ya anga. Kinachojitokeza kilikuwepo tangu mwanzo, ila kilikuwa hafifu mno. Kompyuta huja baadaye kukuza tofauti ndogo za mwanga ambazo kamera imezishika lakini kioo cha simu hakiwezi kuzionyesha zikiwa ghafi.

Udanganyifu upo, lakini uko kwingine. Mtu anachukua Mwezi aliopiga kwa lenzi ndefu, anaubandika nyuma ya mbuyu aliopiga siku nyingine, halafu anaandika "Dodoma, jana usiku". Siku hizi hata mbuyu wenyewe unaweza kuwa umebuniwa na akili unde. Sina ugomvi na picha za kuunganisha, wengine wanaziunganisha kwa ustadi mkubwa. Ugomvi wangu ni mtu kunyamaza.

Ukitaka kumkamata, anga lenyewe litakusaidia. Nyota ikionekana ndani ya sehemu yenye giza ya Mwezi mchanga, hapo pana kazi ya mkono, maana Mwezi ni mwamba na hauna dirisha. Njia Nyeupe, yaani ule utepe wa nyota za galaksi yetu, iliyokolea juu ya kichwa huku Mwezi mpevu unang'aa pembeni, haiwezekani, kwa sababu Mwezi mpevu hulifanya anga lote liwe la samawati na kuzifuta nyota hafifu. Kitovu cha Njia Nyeupe kikiwa kimeinama karibu na upeo wa kaskazini, picha hiyo haikupigwa Tanzania. Na hilali ya jioni ikisimama wima, pembe zikitazama pembeni kabisa, ulizia ilikotoka. Huku kwetu karibu na ikweta hilali hupenda kulala chali, pembe zikielekea juu.

Mbona mimi naona utepe mweupe tu, na picha ina rangi?

Seli za jicho zinazotambua rangi zinahitaji mwanga wa kutosha. Gizani zinazofanya kazi ni zile nyingine, zenye hisia kali lakini zisizobagua rangi. Ndiyo maana hata kanga yenye maua mekundu huwa ya kijivu usiku usio na taa. Kamera haina udhaifu huo.

Rangi zina maana, na ukizijua picha inaanza kusomeka. Wekundu kama wa waridi unaoonekana kwenye mabaka ya Njia Nyeupe mara nyingi ni gesi ya hidrojeni iliyochangamshwa na nyota changa zenye joto kali, na nuru yake ina urefu wa wimbi wa nanomita 656. Bluu inayozizunguka nyota za Kilimia ni nuru ya nyota zenyewe ikitawanywa na vumbi. Manjano ya kitovu cha galaksi yanatokana na wingi wa nyota za zamani, pamoja na vumbi lililo katikati yetu na kitovu hicho, ambalo huzuia bluu zaidi kuliko nyekundu.

Kamera za dukani huwa na kichujio mbele ya sensa (sehemu inayopokea nuru) kinachokata sehemu kubwa ya ule wekundu wa hidrojeni. Wengine hukiondoa au kukibadilisha. Basi watu wawili wanaweza kupiga sehemu ile ile ya anga, mmoja akapata nebula (wingu la gesi na vumbi) nyekundu na mwenzake akapata ya kijivu, na wote wawili wakawa wakweli. Ninachokikwepa mimi ni zile picha ambazo anga lote limegeuzwa zambarau kutoka pembe hadi pembe. Hiyo rangi ni ya programu.

Nikitazama picha ya anga, niangalie nini?

Swali hili huulizwa na wachache, na ndilo lenye utamu.

Anza na sehemu zenye giza. Mtazamaji mgeni hukimbilia nyota, lakini uzuri wa Njia Nyeupe umo kwenye yale mapengo meusi yanayoipasua katikati. Si matundu. Ni mawingu ya vumbi na gesi baridi yanayozuia nuru ya nyota zilizo nyuma yake, na humo ndimo nyota mpya huzaliwa. Kando ya Msalaba wa Kusini kuna moja linaloonekana hata kwa macho, kama uko mbali na taa: Gunia la Mkaa, lililo umbali wa miaka ya nuru 600 hivi (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mzima). Mpigaji aliyehariri kwa pupa hufanya mapengo hayo kuwa meusi tititi, wino mtupu. Aliyehariri kwa mkono mwepesi huyaachia kahawia kidogo, kijivu kidogo, na kingo zake zinapotea taratibu. Anga la usiku halina weusi kamili mahali popote.

Kisha tazama nyota zenyewe. Zina rangi? Antares, ile iliyo moyoni mwa kundi la Nge, inatakiwa iwe ya rangi ya chungwa. Rigel ya kundi la Orion iwe nyeupe yenye ubluu. Nyota zote zikiwa nyeupe pe, mpigaji ameziunguza. Angalia na pembe za picha: je, nyota za huko ni nukta, au zimeota mabawa? Mabawa ni kasoro ya lenzi iliyofunguliwa hadi mwisho. Misalaba midogo kwenye nyota angavu ni habari nyingine. Husababishwa na vyuma vinavyoshikilia kioo kidogo ndani ya aina fulani ya darubini, na wapo wanaoipenda.

Tatu, jiulize ukubwa. Watu hudhani vitu vya anga za mbali ni vidogo sana, kwa hiyo lazima viwe vimekuzwa mara elfu. Vingi si vidogo, ni hafifu. Galaksi ya Andromeda, iliyo miaka ya nuru milioni 2.5 kutoka hapa, imetanda angani upana wa Miezi mipevu sita ikipangwa mstari mmoja. Ingekuwa angavu vya kutosha, ungeiona Oktoba na Novemba juu ya mapaa ya Area D upande wa kaskazini, na watoto wangeielekezea vidole.

Nne, tafuta kina. Chukua picha moja ya Nge iliyopigwa Julai. Mstari mwembamba uliokatiza ni setilaiti, kilomita mia kadhaa juu ya kichwa chako. Antares iko miaka ya nuru 550 hivi. Vumbi la manjano na bluu linaloonekana kando yake liko kwenye wingu la Rho Ophiuchi, karibu zaidi kidogo kuliko Antares yenyewe. Nyuma ya yote, kitovu cha galaksi, miaka ya nuru 26,000 na ushei. Vyote vimelala kwenye karatasi moja, kila kimoja na nuru ya wakati wake. Sijui aina nyingine ya picha inayofanya hivyo.

Mwisho kabisa, ardhi. Mimi huvutiwa na picha yenye ardhi ndani yake: jiwe, mbuyu, boma, mnara wa simu hata. Wengine hupenda anga tupu lililopigwa kwa darubini. Hatukubaliani na hatutakubaliana.

Dodoma ina nini cha pekee?

Kwanza latitudo. Mji uko nyuzi 6 hivi kusini ya ikweta, kwa hiyo karibu anga lote, la kusini na la kaskazini, hupita juu yetu ndani ya mwaka. Nenda shambani usiku wa Mei, saa 3 au saa 4. Geukia kusini uone Msalaba wa Kusini, kisha geuka nyuma uone Dubu Mkubwa amening'inia kaskazini, kichwa chini miguu juu. Mtu wa Ulaya ya kaskazini hauoni Msalaba huo maisha yake yote asiposafiri. Mtu wa kusini kabisa mwa Australia naye Dubu humkosa.

Kitovu cha Njia Nyeupe, ambacho ndicho wapigaji wengi wanachokitafuta, hapa hupanda hadi nyuzi 67 hivi juu ya upeo wa kusini. London hakifiki hata nyuzi 10, kinasota nyuma ya nyumba na ukungu. Watu husafiri nusu ya dunia kutafuta tunachokipata sisi tukitoka kidogo nje ya mji.

Pili, ukame. Unaotusumbua kwenye mashamba unatupa miezi mirefu ya anga lisilo na wingu. Mvua huanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili, msimu mmoja tu. Tatu, tuko juu kiasi, mita 1,100 na zaidi kutoka usawa wa bahari, na hewa ya kipupwe ni kavu. Umande, adui mkubwa wa lenzi kule Pwani, hapa hausumbui sana.

Kuna kitu kingine ambacho watu wa hapa hukiona bila kukijua. Giza likishakamilika, kwenye usiku usio na Mwezi, upande wa magharibi husimama mnara wa mwanga hafifu sana, mpana chini na mwembamba juu. Wengi hudhani ni taa za mji wa mbali. Ni nuru ya zodiaki: mwanga wa Jua unaorudishwa na vumbi lililosambaa kati ya sayari. Karibu na ikweta husimama vizuri kuliko kwingineko, na kamera huikamata kirahisi.

Kasoro nazo zipo. Kuanzia Agosti upepo huinua vumbi, moto wa kusafisha mashamba huleta moshi, na upeo wa macho unakuwa na utusitusi wa kahawia. Na mji unakua. Tangu serikali ihamie kuanzia mwaka 2016 taa zimeongezeka kila upande, kuanzia Mtumba hadi kwenye barabara mpya. Hakuna anayeomba mji uwe gizani. Taa yenye kofia, inayomulika chini barabarani badala ya kumulika mawingu, inatosha, na umeme unaokwenda angani bure umelipiwa.

Msimu gani ni mzuri?

Mei hadi Septemba, wiki isiyo na Mwezi. Mei mwanzoni mwa usiku, Nebula ya Carina na Msalaba wa Kusini ziko juu upande wa kusini, na kitovu cha galaksi kinachomoza mashariki. Julai saa 4 hadi saa 5 usiku kitovu kiko juu kabisa. Septemba unakikuta juu mara tu giza linapoingia, na Oktoba kinaelekea magharibi kuzama. Wasiopenda kusubiri wanaweza kuanza Machi, kitovu kinapochomoza baada ya saa 6 usiku, kama mawingu yataruhusu.

Desemba na Januari anga lina Orion na Wingu Kubwa la Magellan, galaksi jirani iliyo umbali wa miaka ya nuru 160,000 hivi. Bahati mbaya ndiyo miezi ya mvua. Lakini mvua ikikatika usiku, hewa inakuwa imeoshwa vumbi lote, na dakika arobaini za anga la namna hiyo zinashinda usiku mzima wa Septemba.

Jua huzama hapa kati ya saa 12 na nusu na saa 1 kasoro, mwaka mzima. Giza kamili hukamilika saa moja na robo hivi baadaye. Usianze mapema, utapata bluu tu.

Na Kilimia?

Kilimia kinapanda jioni kuanzia Novemba, na ni shabaha nzuri kwa lenzi ya milimita 135 au 200. Kwa macho utahesabu nyota sita au saba. Kamera itakuonyesha mamia, na ile bluu niliyoitaja. Wazee walisema kilimia kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Kwa kalenda ya Dodoma usemi huo umekaa sawasawa: mwishoni mwa Aprili, mvua zikiaga, Kilimia hupotelea kwenye mwanga wa machweo. Juni kinaonekana tena alfajiri, na nchi imeshakauka.

Niende wapi kupiga?

Kanuni ni moja: mji uwe nyuma ya mgongo wako. Kitovu cha galaksi kiko upande wa kusini, basi bora utoke kwa barabara ya Iringa, uelekee Mtera. Ukienda kaskazini, vilima vya Chenene kwa mfano, giza ni zuri sana, lakini ukigeukia kusini mwanga wa mji unakaa chini ya picha yako. Bahi, magharibi, ni tambarare, na upeo wa macho uko wazi kila upande. Mtera kuna bwawa la kuakisi nyota, kuna viboko na mamba pia, kwa hiyo usiweke tripodi ukingoni mwa maji.

Singida ina mawe. Yale majabali ya mviringo kando ya ziwa Singidani yamekaa kama yamepangwa kwa ajili ya mpigapicha, ingawa uko karibu na mji na lazima uchague pembe.

Kolo, kaskazini ya mji wa Kondoa, kuna michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Usiku huwezi kujiendea tu. Zungumza na wasimamizi mapema, ukubali mwongozaji, na usimulike michoro kwa taa kali kwa ajili ya picha. Kama hawakuruhusu, vijiji vya jirani vina anga lile lile.

Ni salama kukaa porini usiku?

Wanaotutisha zaidi ni wanadamu wenzetu, na wao tunawatisha. Mtu asiyejulikana, gizani, na kifaa chenye miguu mitatu, akimulika taa nyekundu: kijijini hapo una dakika chache kabla ya kuzungukwa. Pita kwa mwenyekiti wa kijiji au wa kitongoji kabla jua halijazama, jitambulishe, eleza unachofanya, mwonyeshe picha kwenye simu. Mara nyingi atakupa kijana wa kukaa naye, na huyo kijana ndiye atakayekuonyesha mbuyu ambao usingeupata peke yako. Mpe chochote.

Usipige karibu na kambi za jeshi, magereza wala miundombinu inayolindwa, hata kama anga la hapo ni zuri. Fisi wapo, nyoka wapo, vaa viatu vilivyofunika kifundo cha mguu. Juni na Julai beba koti zito, Dodoma ya alfajiri haina utani.

Simu yangu inatosha?

Kwa kuanza, ndiyo. Fungua hali ya kitaalamu kwenye kamera ya simu, weka ISO (kipimo cha wepesi wa kamera kushika nuru) 1600 au 3200, shata sekunde 15 hadi 20, fokasi kwenye alama ya umbali usio na mwisho, kisha itie simu kwenye stendi au iegemeze kwenye jiwe. Tumia kihesabu cha sekunde tatu ili mkono wako usiitikise. Baadhi ya simu zina hali ya usiku inayopiga nyingi na kuziunganisha zenyewe. Google walileta ya namna hiyo kwenye Pixel 4 mwaka 2019, inayokusanya nuru kwa dakika 4 hivi.

Kamera ya mtumba yenye lenzi pana ya f/2.8 au chini ya hapo (namba ya f ikishuka, tundu la lenzi hupanuka) itakupeleka mbali zaidi. Sehemu ya kutofanyia ubahili ni tripodi. Upepo wa Dodoma hauheshimu tripodi ya plastiki, itundikie mfuko wa mchanga.

Sekunde ngapi kabla nyota hazijawa vistari?

Gawa 500 kwa milimita za lenzi, namba iliyoandikwa juu yake. Milimita 24 inakupa sekunde 20 hivi. Kama sensa ya kamera yako ni ndogo, ya daraja la APS-C, gawa tena kwa 1.5. Sensa za kisasa zenye pikseli nyingi ni kali zaidi, kwa hiyo punguza kidogo halafu kuza picha kwenye kioo uone. Dunia inazunguka, nyota husogea nyuzi 15 kwa saa. Ukitaka sekunde nyingi zaidi unahitaji kifaa kinachoizungusha kamera kinyume cha mzunguko huo, na hapa kwetu kukilenga ni kazi, kwa sababu ncha ya kusini ya anga iko nyuzi 6 tu juu ya upeo, ndani ya vumbi, na hakuna nyota angavu ya kuionyesha. Nyota ya Kaskazini ndiyo kabisa, haichomozi.

Kwa nini watu hupiga picha ile ile mara mia?

Kila picha ina punje za fujo, chembechembe za rangi ambazo hazipo angani. Sasa fikiria baraza la kijiji likisikiliza mashahidi kumi na sita. Wote wakisema ng'ombe alikuwa mweusi, ni mweusi. Mmoja tu akisema kulikuwa na ndege juu ya paa, baraza linampuuza. Programu hufanya hivyo kwa kila nukta ya picha. Ukiunganisha picha 16 fujo hupungua mara 4, ukiunganisha 100 hupungua mara 10, kwa kuwa hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi.

Programu za bure zipo: Siril, DeepSkyStacker, na Sequator kwa wanaotaka ardhi ibaki imetulia. Ya kukuonyesha nini kiko wapi angani ni Stellarium.

Setilaiti zinaharibu picha?

Zinaudhi. Tangu Starlink, setilaiti za intaneti, zianze kurushwa mwaka 2019 mistari imeongezeka, hasa saa mbili za kwanza baada ya machweo na za mwisho kabla ya mawio. Kuunganisha picha nyingi huifuta mingi, kwa sababu ile ile ya mashahidi. Wapo wanaoiacha makusudi. Binafsi huona ni haki iachwe mara moja moja: hilo ndilo anga la wakati wetu.

Zile picha za nyota zilizochora mistari zinatengenezwaje?

Ni picha mia kadhaa za sekunde 30 zilizounganishwa bila kunyoosha mzunguko. Ulaya mistari hiyo huchora miduara kuizunguka Nyota ya Kaskazini. Dodoma elekeza kamera mashariki: nyota zinapanda karibu wima, zimenyooka katikati ya picha, na zinapinda kwa pande zote mbili, kushoto zikiinamia kaskazini na kulia zikiinamia kusini. Ni umbo la ikweta hasa, na nashangaa wapigaji wetu wanavyolipuuza wakiiga miduara ya watu wengine.

Kwa nini picha za Mwezi hazina nyota?

Kwa sababu Mwezi ni jiwe lililopigwa na jua la mchana. Unapigwa kwa kipimo cha mchana: f/11, ISO 100, shata 1/125. Kwa muda huo nyota hazijaandika chochote.

Mwezi mpevu, ingawa hupendwa, ndio wenye picha bapa kuliko zote, kwa kuwa jua linaupiga usoni na vivuli vinatoweka. Piga siku ya saba au ya nane ya mwezi, uone mashimo na milima kwenye mpaka wa mwanga na giza. Na hilali ya mwezi mwandamo, ile inayosubiriwa na familia nzima jioni ya Ramadhani na ya Idi, ina zawadi yake: kamera ikipewa sekunde moja au mbili, sehemu yenye giza inaonekana pia, ikiwa imemulikwa na mwanga uliotoka Duniani.

Wapigaji wa ridhaa wana mchango wowote kwa sayansi?

Wanao, na wa zamani. Mwaka 1883 Andrew Ainslie Common, Mwingereza aliyefanya kazi hii kwa mapenzi tu, alipiga Nebula ya Orion kwa muda mrefu kiasi kwamba picha ilionyesha nyota ambazo jicho kwenye darubini halikuziona. Julai 2009 Anthony Wesley wa Australia aliona doa jeusi kwenye picha zake za Mshtarii, na wanasayansi wakathibitisha kuwa kitu kilikuwa kimeigonga sayari hiyo. Mwaka 2023 ukatangazwa uvumbuzi wa tao kubwa la gesi ya oksijeni kando ya Andromeda, galaksi iliyopigwa picha kuliko karibu zote. Waliolipata ni Marcel Drechsler, Xavier Strottner na Yann Sainty, na wote si waajiriwa wa kituo chochote cha anga. Walikusanya zaidi ya saa mia moja za nuru.

Mnasafisha nyota?

Hapana. Wala haturudishi nyota iliyoibiwa. Kipangusio cha lenzi tunacho.

Nataka kuichapisha na kuitundika sebuleni. Nizingatie nini?

Picha ya usiku ikichapishwa huwa nyeusi kuliko ulivyoiona kwenye simu, maana karatasi haitoi mwanga. Ongeza mwangaza kidogo kabla ya kupeleka studioni, na omba kipande kidogo cha majaribio kwanza. Chagua karatasi isiyong'aa, la sivyo utaona taa ya sebule na uso wako badala ya nyota. Iweke mbali na dirisha linalopigwa na jua. Nyuma yake andika kwa kalamu mahali, tarehe, saa, na jumla ya muda wa nuru iliyokusanywa, kwa mfano "Bahi, picha 60 za sekunde 15", ili atakayeishusha ukutani ajue anashika nini.